Siku ya mapumziko ya yaya: Haki inayosahauliwa ughaibuni na majumbani mwetu

Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote, aliyejaalia usiku kwa ajili ya utulivu na mchana kwa ajili ya kutafuta riziki. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, sahaba zake na wote waliofuata mwenendo wake kwa wema. Ama baad.

Ndugu Waislamu, Ijumaa ya leo tumekusudia kuzungumza juu ya watu ambao wengi wetu tunawaona kila siku lakini ni mara chache tunawafikiria. Hao ni mabinti wanaolea watoto wa wenzao, wanaolala chini ya paa la tajiri wao, na ambao wiki huanza na kumalizika bila ya wao kuwa na siku moja ya kusema: hii ni yangu.

Swali la mama wa Kabungu

Mwezi uliopita tulikuwa katika safari ya daawa mkoani Katavi, na miongoni mwa sehemu tulizojaaliwa kufika ni Kabungu, katika Wilaya ya Tanganyika, wilaya ambayo zamani ikijulikana kama Mpanda Vijijini. Huenda baadhi ya wasomaji wetu wa pwani hawaujui vyema mkoa huu, ambao ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Rukwa. Ni nchi ya mahindi, tumbaku na pamba. Reli itokayo Tabora kupitia Kaliua hukomea Mpanda mjini, na kutoka Mpanda hadi Dar es Salaam ni mwendo wa zaidi ya kilomita elfu moja. Tunaitaja masafa hii makusudi, kwani mwenye binti aliyeko mbali kiasi hicho hawezi kuamka asubuhi akaenda kumjulia hali.

Baada ya Sala ya Alasiri, watu walipokwisha kutawanyika, alitujia mama mmoja aliyekuwa amekaa nyuma akisubiri. Alitusalimu kwa adabu, kisha akasema: "Shekhe, nina swali, lakini naona haya kuliuliza mbele za watu."

Akatueleza kuwa ana mabinti wawili, na wote wawili ni mayaya. Mkubwa yuko Muscat, nchini Oman, akilea watoto wa familia moja. Mdogo yuko Dar es Salaam, naye analea watoto wa familia ya Kiislamu. Tulipomsikia tulijitayarisha kusikiliza malalamiko juu ya yule wa Muscat, kwani hayo ndiyo tuliyozoea kuyasikia. Haikuwa hivyo.

"Mkubwa hunipigia simu kila Ijumaa jioni," alisema. "Huo ndio wakati wake, hakuna anayemwita. Huyu mdogo, Shekhe, tangu Idi nimeisikia sauti yake mara mbili tu, na mara zote mbili alikuwa ananong'ona. Mara ya mwisho aliniuliza: mama, ni dhambi kumwomba tajiri siku moja ya kupumzika? Nami sikuwa na jibu la kumpa."

Tulimuuliza imekuwaje yule mkubwa akaipata Ijumaa yake. Akasema kabla hajaondoka, mjomba wake ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi aliuchukua mkataba akausoma wote, akaona siku ya mapumziko haimo, akakataa binti asitie saini mpaka iandikwe. Wakala alinuna, lakini iliandikwa. Na tajiri wa kule, Mwenyezi Mungu amlipe, ameiheshimu.

Ndugu msomaji, kisa hiki kinatupa mambo mawili ya kuyatafakari. La kwanza ni kuwa siku ya mapumziko ya yaya huzaliwa siku ya mkataba. Asiyeiandika siku hiyo, baadaye ataiomba kama mtu aombaye hisani. La pili ni kuwa dhulma haina uraia. Tumezoea kuitafuta ng'ambo ya bahari, kumbe huenda tumelala nayo nyumba moja.

Hali ya watumishi katika nchi za Ghuba

Tusije tukaeleweka vibaya. Hatusemi kuwa mambo ni mema huko Uarabuni. Mwezi Novemba mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu watumishi wa majumbani kutoka Tanzania waliofanya kazi Oman na katika Falme za Kiarabu. Lilizungumza na wanawake 50 wa Kitanzania. Wengi walieleza kuwa hati zao za kusafiria zilichukuliwa na waajiri au mawakala, wengine hawakulipwa ujira wao kamili, na wapo waliofanyishwa kazi hadi saa 21 kwa siku bila kupumzika na bila siku ya mapumziko. Wakati ule sheria ya kazi ya Oman ya mwaka 2003 ilikuwa imewaacha nje watumishi wa majumbani.

Ni kweli kuwa baadhi ya nchi za eneo hilo zilikwisha kuanza kurekebisha mambo. Saudi Arabia iliweka kanuni zake mwaka 2013, Kuwait ikatunga sheria mwaka 2015, na mwaka 2017 zikafuata Qatar na Falme za Kiarabu. Zote hizo ziliandika kuwa mtumishi wa nyumbani ana haki ya siku moja ya mapumziko katika wiki. Kabla ya hapo, mwezi Juni mwaka 2011, Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mjini Geneva mkataba wa 189 unaowahusu watumishi hawa. Mkataba huo unasema mapumziko ya wiki yasipungue saa 24 mfululizo, kwamba mtumishi halazimiki kubaki ndani ya nyumba ya mwajiri katika muda wake wa mapumziko, na kwamba ana haki ya kukaa na hati zake za kusafiria yeye mwenyewe.

Hata hivyo, sheria iliyoandikwa ni jambo moja na yanayotendeka nyuma ya mlango uliofungwa ni jambo jingine. Mkaguzi wa kazi huingia kiwandani, lakini nani ataingia jikoni mwa mtu? Tena tuzingatie hili: Oman ilibadilisha mapumziko ya mwisho wa wiki mwaka 2013, kutoka Alhamisi na Ijumaa kuwa Ijumaa na Jumamosi. Basi Ijumaa ni siku ambayo wenye nyumba hawaendi kazini, watoto hawaendi shule, wakwe na mashemeji huja kula chakula cha mchana. Siku ambayo nyumba nzima inapumzika ndiyo siku ambayo yaya huchoka kuliko siku zote. Na katika mwezi wa Ramadhani hali huzidi, kwani mtumishi hupika futari, hukesha na wageni, kisha huamka kupika daku.

Kafili ni nani?

Lipo jambo linalotuumiza zaidi sisi tuliosoma elimu ya dini. Utaratibu unaomfunga mfanyakazi wa kigeni kwa mwajiri wake katika nchi hizo huitwa kafala, na mwajiri huitwa kafili. Chini ya utaratibu huo, kama ripoti tuliyoitaja ilivyoeleza, mtumishi aliyeondoka kwa mwajiri bila ruhusa aliweza kushitakiwa kwa kosa la kutoroka, hata kama alichokikimbia ni kipigo.

Sasa tuliangalie neno lenyewe. Katika fiqhi, kafala ni dhamana: mtu anajitwika jukumu kwa niaba ya mwingine, yaani mzigo unakuwa juu ya kafili na si juu ya anayedhaminiwa. Katika Sura ya Aal Imran, aya ya 37, neno la mzizi huo limetumika kueleza jinsi Maryam alivyowekwa katika ulezi wa Nabii Zakariya (a.s.), naye akawa akimtazama katika mahali pake pa ibada. Na katika hadithi sahihi aliyoipokea Imamu Bukhari, Mtume (s.a.w.) alimbashiria kafili wa yatima kuwa atakuwa naye Peponi, akaonyesha ukaribu huo kwa vidole vyake viwili.

Hiyo ndiyo heshima ya neno hili. Kafili wa kweli ni mlezi na mlinzi. Inakuwaje leo neno ambalo lilimwekea Maryam usalama wake limwekee binti wa Kabungu kufuli? Anayetaka kuitwa kafili na auchukue mzigo wa jina hilo, si mamlaka yake peke yake.

Dini inasemaje juu ya mapumziko ya mwajiriwa?

Baadhi ya watu husema kuwa siku ya mapumziko ni mambo ya Wazungu, na kwamba Uislamu haukuweka Sabato. Ni kweli kuwa hatuna Sabato. Ijumaa yenyewe, kwa mujibu wa Sura ya Al-Jumua, tumeamrishwa kuacha biashara unaponadiwa wito wa sala, na sala ikimalizika tumeruhusiwa kutawanyika kutafuta fadhila za Mola wetu. Lakini kutokuwa na Sabato hakuna maana kuwa mwajiriwa ni mali ya mwajiri kwa siku saba.

Tutazame mkataba wa kazi uliosimuliwa ndani ya Qur'ani yenyewe. Nabii Musa (a.s.) alipofika Madyan alikuwa mgeni, hana ndugu, hana mali, tena mkimbizi. Kwa hali yake hiyo, mzee wa Madyan angeweza kumpa sharti lolote naye akakubali. Lakini tukisoma Sura ya Al-Qasas, kuanzia aya ya 26 hadi ya 28, tunaona mambo matatu. Muda ulitajwa: miaka minane, na ikiwa kumi ni kwa hiari yake Musa. Mwajiri alitamka wazi kuwa hataki kumtia katika mashaka. Na Musa akaweka sharti lake kuwa akishatimiza mmoja wa muda huo miwili asidaiwe zaidi, kisha wakamfanya Mwenyezi Mungu kuwa shahidi. Huu ni mkataba wa mtu aliyekuwa akifanya kazi ugenini na kuishi kwa mwajiri wake. Kila mzee anayempeleka binti yake ughaibuni ausome kabla ya kuusoma wa wakala.

Ama wanazuoni wa fiqhi, hususan wa madhehebu yetu ya Imamu Shafi'i, walipoeleza hukumu za mtu aliyekodiwa kwa muda maalumu, walisema kuwa nyakati za sala na tohara hazimo katika muda uliokodiwa, na wala ujira haupunguzwi kwa ajili yake. Wakaenda mbele zaidi. Imenukuliwa kutoka kwa Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria, sawa na mwaka 1111, kuwa Myahudi akiajiriwa kwa mwezi, siku zake za Jumamosi hazihesabiwi katika kazi ikiwa hiyo ndiyo desturi inayojulikana. Tuzingatie, ndugu zangu! Huyu ni Hujjatul Islam, zaidi ya miaka 900 iliyopita, anakubali kuwa siku ya mapumziko ya wiki inayojulikana kwa desturi inaingia katika mkataba hata kama haikutajwa, tena kwa mfanyakazi ambaye si Mwislamu. Na kanuni ya wanazuoni ni kuwa jambo lililokwisha kujulikana kwa desturi lina nguvu ya sharti lililotamkwa. Leo desturi ya dunia nzima na sheria za nchi zimeitambua siku moja ya wiki kuwa ya mfanyakazi. Basi kwa fiqhi hiyohiyo, yaya anayo siku yake hata kama mkataba wake haukuandikwa.

Tuangalie pia Sura ya An-Nur, aya ya 58, ambayo imewataka watumishi na watoto wabishe hodi katika nyakati tatu: kabla ya Sala ya Alfajiri, wakati wa adhuhuri watu wanapopunguza nguo, na baada ya Sala ya Isha. Tumezoea kuisoma aya hii kwa ajili ya staha ya wenye nyumba, na hiyo ndiyo maana yake. Lakini ndani yake mna picha ya nyumba ambayo nyakati za mapumziko zinajulikana. Nyumba ambayo yaya anaitwa saa saba ya usiku alete maji, na saa kumi anaamshwa kukanda unga, imeipoteza picha hiyo.

Na mfano mkubwa kuliko yote ni wa Bwana Mtume (s.a.w.) mwenyewe. Ummu Sulaym (r.a.) alimleta mwanawe Anas bin Malik akiwa mtoto wa miaka kama kumi ili amtumikie Mtume. Naye pia alikuwa mama aliyemtoa mtoto wake kwenda kutumika katika nyumba ya mwingine. Je, alirejeshewa nini? Anas (r.a.) alieleza kuwa katika miaka kumi hakuwahi kuambiwa hata "uff". Na katika Sahihi ya Muslim amesimulia kuwa siku moja alitumwa, njiani akakuta watoto wanacheza sokoni akakawia nao. Mara akahisi ameshikwa shingoni kwa nyuma, akageuka, akamwona Mtume (s.a.w.) anacheka, akimuuliza kwa jina la kumdekeza kama amekwenda alikotumwa. Hakupigwa wala hakutukanwa. Mtume alijua kuwa mtumishi naye ana umri wake na nafsi yake.

Visingizio vitatu

Katika kuzungumza na familia mbalimbali juu ya jambo hili, tumekuwa tukisikia visingizio vitatu.

Cha kwanza: "Akitoka ataharibika." Wapo wanaosema kuwa wanamzuilia binti kutoka kwa ajili ya kumhifadhi, tena wakataja hukumu ya mwanamke kusafiri bila maharimu. Hukumu hiyo tunaijua, na wanazuoni wameijadili kwa urefu. Lakini mtu aliyemsafirisha binti peke yake kwa ndege au kwa treni kutoka Mpanda, siku ya kumtaka hakuuliza maharimu yuko wapi. Haifai amkumbuke maharimu siku ya mapumziko tu. Kama kweli tunamhofia, tumtafutie pa kwenda: darasa la wanawake msikitini, nyumba ya jamaa yake, au mwenzake wa kijijini kwao. Na kama hataki kutoka, akalala tu, huo pia ni wakati wake. Hifadhi isiyokuwa na mlango ni kifungo.

Cha pili: "Huyu ni kama mwanangu, hana haja ya likizo." Maneno haya ni matamu, lakini tuyapime. Mwanao anakula mezani pamoja nawe, anakwenda shule, akiugua unakesha naye. Ikiwa yaya anapata hayo, basi alhamdulillahi. Lakini ikiwa ni mwanao wakati wa kazi, na ni mtu baki wakati wa mapumziko na mshahara, hapo tumelitumia neno "mwanangu" kumpunja.

Cha tatu: "Mtoto mchanga hana siku ya mapumziko, nani atamlea?" Jibu lake ni jepesi: wazazi wake. Malezi ni amana iliyo shingoni mwa baba na mama, na yaya ni msaidizi tu. Siku moja katika wiki ambayo baba anambadilisha mwanawe nepi na mama anamwogesha na kumlaza haiwapunguzii kitu. Huenda ikawa ndiyo siku pekee ambayo mtoto anawajua vizuri wazazi wake.

Tujitazame wenyewe

Sasa turudi nyumbani. Wahenga walisema mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Tunaposikia ya Muscat na Riyadh tunapandwa na hasira, na tuna haki. Lakini Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, haikumtoa mtumishi wa nyumbani. Sheria hiyo imempa mfanyakazi mapumziko ya saa 12 mfululizo kwa siku na saa 24 kwa wiki, likizo ya siku 28 kwa mwaka, na imekataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14. Amri ya mishahara ya mwaka 2013 iliweka kima cha chini cha shilingi 40,000 kwa mwezi kwa mtumishi anayeishi nyumbani kwa mwajiri wa kawaida, na ile ya mwaka 2022 ikakipandisha hadi shilingi 60,000. Tuulizane kwa ukweli: ni nyumba ngapi katika mtaa wetu zinazotimiza hayo?

Mwenyezi Mungu atuepushe na kuwa miongoni mwa watu watatu ambao, kwa mujibu wa hadithi tukufu iliyomo katika Bukhari, Yeye mwenyewe atakuwa mgomvi wao Siku ya Kiyama. Mmoja wao ni mtu aliyemwajiri mfanyakazi, akachukua kazi yake kamili, kisha asimpe ujira wake. Mtu anaweza kusema: mimi nalipa kila mwezi. Lakini kama umekubaliana naye mshahara wa siku sita kwa desturi na sheria, nawe ukachukua ya saba kila wiki, kwa mwaka umechukua siku 52 ambazo hukuzilipia. Siku hizo zitadaiwa.

Tena tusisahau historia. Bara hii, kutoka kandokando ya Ziwa Tanganyika hadi pwani, iliwahi kuona katika karne ya 19 misafara ya watu waliobebeshwa mizigo na wengine kufungwa minyororo, wakiteremka kwenda kutumika kwa mabwana wasiowajua. Zama hizo zimepita. Inatupasa sisi Waislamu kuwa wa mbele katika kuhakikisha kuwa binti wa bara anaposhuka pwani leo, au anapovuka bahari, anakwenda kwa hiari, kwa ujira unaojulikana, na kwa siku yake mwenyewe.

Nini kifanyike?

Kwanza, wazazi. Msimpeleke binti yenu popote, iwe Muscat au Mpanda mjini, bila ya maandishi. Kazi itajwe, mshahara utajwe, siku ya mapumziko itajwe kwa jina lake: Ijumaa au Jumapili. Nakala moja ibaki nyumbani. Anayekwenda nje aende kwa wakala aliyesajiliwa, na aulizie ofisi ya serikali ya huduma za ajira kabla hajatoa pasipoti yake kwa mtu yeyote. Nambari ya simu ya ubalozi wetu aihifadhi kichwani, kwani simu inaweza kuchukuliwa.

Pili, wenye nyumba. Kaeni na yaya wenu jioni ya leo, mkubaliane siku. Mshahara apewe mkononi mwake au kwenye simu yake, si kuwekewa na tajiri mpaka siku ya kuondoka. Katika Ramadhani mpunguzieni kazi, naye apate nafasi ya kusoma Qur'ani na kusali Tarawehe. Mtume (s.a.w.), katika hadithi ya Abu Dharr (r.a.), ametufundisha kuwa watumishi ni ndugu zetu, wale tunachokula na wavae tunachovaa, wala tusiwabebeshe wasichokiweza, na tukiwabebesha basi tuwasaidie.

Tatu, maimamu na walimu wa madrasa. Anzisheni darasa la saa mbili kila wiki kwa ajili ya watumishi wa majumbani. Wengi wao hawakumaliza juzuu ya Amma. Darasa hilo litawapa elimu, na litawapa wenye nyumba sababu njema ya kuwaruhusu watoke. Imamu pia awafahamishe kuwa kipo chama cha wafanyakazi cha CHODAWU kinachowahusu, ili mwenye dhulma ajue pa kuipeleka.

Nne, nyinyi mabinti zetu mnaofanya kazi hizi. Haki huenda pamoja na amana. Watoto mliokabidhiwa ni dhamana kwenu, na siku ya mapumziko isiwe mlango wa haramu. Lakini kuiomba siku hiyo si ukaidi na si utovu wa adabu. Salman Alfarisi (r.a.) alipomwona nduguye Abu Dardai anaikalifisha nafsi yake hata kwa ibada, alimkumbusha kuwa Mola wake ana haki juu yake, nafsi yake ina haki na watu wake wana haki, na Mtume (s.a.w.) akasema kuwa Salman amesema kweli. Ikiwa nafsi ina haki mbele ya sala za usiku, itakosaje haki mbele ya vyombo na nguo za kufua?

Jibu letu kwa mama

Yule mama wa Kabungu tulimjibu kuwa si dhambi binti yake kuomba siku ya kupumzika. Ni haki yake, na dhambi inamhofiwa anayemzuilia. Alishukuru, akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Sasa, Shekhe, nani atamwambia tajiri wake?"

Hapo hatukuwa na jibu la papo hapo. Tajiri huyo hatumjui jina wala mtaa anaokaa. Tunachokijua ni kuwa ni Mwislamu, ana watoto wadogo, na huenda kila Ijumaa hulinunua gazeti hili. Basi tumeandika ili tumwambie. Na kwa kuwa hatumjui, tunamwambia kila mmoja wetu, tukianza na nafsi zetu: ukimaliza kusoma ukurasa huu, mwite huyo binti aliyeko jikoni, umuulize ni siku gani anataka iwe yake, kisha umpe simu azungumze na mama yake bila ya kunong'ona.

Ewe Mwenyezi Mungu, tujaalie kuwa wenye kuwapa watu haki zao kabla hatujadaiwa mbele Yako, uwahifadhi mabinti zetu walio mbali na wazazi wao, na uzijaze nyumba zetu huruma. Amin.

Wabillahi tawfiq.